Mvivu ni Nani? Nyayo Bapa, Misuli Legevu na Mizani ya Taifa

Neno "mvivu" lina historia ndefu katika nchi yetu. Mkoloni alilitumia kumweleza mkulima ambaye hakutaka kuliacha shamba lake la mtama ili akakate mkonge wa mtu mwingine. Baada ya uhuru tulilirithi pamoja na majengo ya bomani, na hadi leo haliko mbali na midomo ya wakubwa pale hesabu za uzalishaji zinapokuwa mbaya. Ni neno rahisi, tena ni neno la starehe. Linamwondolea msemaji wajibu wa kuuliza "kwa nini?", kwa sababu jibu limekwisha kuwekwa ndani ya tabia ya yule anayesemwa.

Nimelazimika kulitafakari neno hili kwa karibu zaidi tangu lilipoandikwa katika ripoti ya shule ya binti yangu. Ana umri wa miaka minane na alizaliwa na sindromu ya Down. Mwalimu wake wa darasa la kwanza aliandika, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza, kwamba mtoto ni mcheshi na ana heshima, lakini ni mvivu: hapendi kusimama mstarini, hukaa chini wakati wa mchakamchaka, na akitumwa ofisini huchelewa kurudi.

Sina ugomvi na mwalimu huyo. Ana watoto zaidi ya tisini katika chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kumfundisha kutazama miguu ya mwanafunzi. Aliona alichokiona na akakiandika kwa neno ambalo jamii ilimpa. Ninachotaka kufanya katika makala haya ni kulichukua neno hilo na kulifuata linakoelekea: chini ya goti, hadi kwenye misuli na kano za mguu, na kutoka hapo hadi kwenye meza ambako bajeti za halmashauri hupangwa. Naamini safari hiyo ni fupi kuliko inavyodhaniwa.

Unyayo unavyosimama

Kila mtoto mchanga ana nyayo bapa. Ukimtoa beseni la kuogea akakanyaga sakafu ya saruji, alama ya maji anayoiacha ni kipande kizima, bila lile pengo la upande wa ndani tunalolijua kwenye nyayo za watu wazima. Kadiri mtoto anavyosimama, kutembea, kukimbia na kupanda, upinde wa unyayo hujitokeza, na kwa watoto walio wengi huwa bayana kabla ya kufikisha miaka kumi.

Upinde huo unashikiliwa na wafanyakazi watatu. Wa kwanza ni mifupa yenyewe, iliyopangana mithili ya mawe ya tao katika misikiti ya kale ya Kilwa, kila jiwe likiegemea jirani yake. Wa pili ni kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, ambazo huzuia mawe hayo yasiachane. Wa tatu ni misuli, na hapa ndipo wengi hushangaa, kwa maana misuli mikubwa inayoinua unyayo haikai kwenye unyayo. Inakaa juu, kati ya goti na kifundo. Mmoja wao umejificha ndani kabisa, nyuma ya mfupa wa muundi, chini ya shavu la mguu. Kano yake hushuka, ikapita nyuma ya kifundo upande wa ndani, kisha ikajishikiza kwenye mifupa ya katikati ya unyayo. Wataalamu huuita tibialisi posteria. Kila tunapokanyaga, msuli huo huvuta upinde kwenda juu usije ukaporomoka. Mwingine hutokea upande wa nje wa mguu, ukavuka chini ya unyayo kama mkanda. Nyuma yao yote ipo misuli ya shavu la mguu, ambayo hukivuta kisigino juu na kutusukuma mbele.

Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down, wafanyakazi wawili kati ya hao watatu huanza kazi wakiwa na upungufu. Kano zake ni legevu kuliko za wenzake. Watafiti wamelihusisha jambo hili na kolajeni, ile protini inayozipa kano uimara, kwa sababu jeni mbili zinazoongoza utengenezaji wa kolajeni ya aina ya sita ziko juu ya kromosomu ya 21, ileile ambayo mtoto huyu anayo nakala yake ya ziada. Misuli yake nayo ina mkazo hafifu: ukimbeba akiwa mchanga unahisi kama anateleza mikononi. Matokeo yake ni kwamba mguu ukiwa hewani upinde huonekana, lakini uzito wa mwili ukishuka juu yake, upinde hutoweka. Ndiyo maana nyayo hizi huitwa bapa lakini nyumbufu. Mwambie mtoto asimame kwa ncha za vidole, au inua kidole chake gumba akiwa amesimama, na mara nyingi utauona upinde ukirudi.

Upinde ukiporomoka, mambo mengine hufuatana. Kisigino hulalia upande, kifundo huingia ndani, vidole hugeukia nje, magoti husogeleana, na mtoto hutanua hatua ili asianguke. Misuli ya shavu la mguu, hata ikivuta kwa bidii, haina pa kushikilia. Unyayo ulio imara hufanya kazi kama mti wa kunyanyulia gogo; unyayo uliolegea ni sawa na kujaribu kulinyanyua gogo hilo kwa kamba. Nguvu inatumika lakini inapotelea njiani. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba watu wenye sindromu hii hutumia nguvu nyingi zaidi kutembea umbali uleule ambao wengine huutembea kwa wepesi.

Kwa hiyo mtoto aliyekaa chini wakati wa mchakamchaka si lazima awe amekwepa kazi. Huenda amekwisha kuifanya, kutoka nyumbani hadi getini, kabla kengele haijagongwa.

Majina na miaka

Historia ya sindromu hii ni funzo kwa yeyote anayedhani kwamba sayansi haina siasa. John Langdon Down, daktari wa Uingereza, aliieleza mwaka 1866, na akaieleza kwa kuwapanga wagonjwa wake katika ngazi za mbari kama zilivyoaminiwa na watu wa tabaka lake. Jina alilowapa watoto hawa lilikuwa tusi kwao na tusi kwa taifa zima la Asia. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walitangaza kwamba chanzo ni kromosomu moja ya ziada, na nadharia ya ngazi za mbari ikabaki bila mguu wa kusimamia. Hata hivyo jina liliendelea kutumika hadi Mongolia yenyewe ilipoomba, mwaka 1965, Shirika la Afya Duniani liache kulitumia. Tazama basi: ukweli wa kisayansi haukutosha kuliondoa neno. Ilibidi watu walidai liondoke.

Jambo la pili ambalo historia inatufundisha linahusu umri. Mwanzoni mwa karne ya 20, hata katika nchi tajiri, watoto hawa kwa kawaida hawakufikia ujana. Leo katika nchi hizo wastani wa maisha yao umekaribia miaka 60. Mabadiliko hayo yameletwa hasa na upasuaji wa moyo, tiba ya maambukizi, na uamuzi wa kuacha kuwafungia watoto katika mabweni ya kutupwa. Takribani nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na ni sawa kabisa kwamba daktari huutazama moyo kwanza. Lakini moyo ukishaokolewa, mtoto anabaki na miongo kadhaa ya kutembea juu ya nyayo ambazo hakuna aliyezitazama. Nyayo zisipoangaliwa, goti huanza kuuma, kidole gumba hupinda, matembezi hupungua, uzito huongezeka, na moyo uleule tulioupigania hurudi hatarini.

Tulivyopita njia hiyo

Binti yetu alitembea akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Kwa mtoto wa aina yake hilo si ajabu. Wengi hutembea karibu na mwaka wa pili, na wengine baadaye zaidi. Kadi yake ya kliniki ilijazwa kwa uaminifu kila mwezi: uzito, chanjo, matone ya vitamini. Hakukuwa na mstari wa nyayo, wala wa namna anavyokaa. Aliyekuwa wa kwanza kumvua viatu ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya wilaya, mama mmoja mtulivu ambaye tulimpata kwa bahati tu, tukiwa tumempeleka mtoto kwa sababu ya kikohozi.

Mama yule hakuanza na dawa wala kifaa. Alimwambia mke wangu: "Dada, chumba chako kina kila tunachohitaji." Akatuonyesha. Kuokota vizibo vya soda kwa vidole vya miguu na kuvitia kwenye kopo. Kuchuchumaa, visigino vikiwa chini, na kuinuka bila kushika kitu. Kusimama juu ya godoro huku akirusha mpira. Kutembea kwa ncha za vidole kutoka mlangoni hadi jikoni. Kupanda ngazi, mguu mmoja baada ya mwingine. Kutembea pekupeku kwenye mchanga safi. Alituonya pia tusimwache apige vichwangomba kabla shingo yake haijachunguzwa, kwa kuwa ulegevu wa kano huweza kuwapo hata kati ya mifupa miwili ya juu ya shingo, na huko ulegevu ni hatari.

Kuhusu viatu alikuwa mkali. Yeboyebo na kandambili ni za bafuni, alisema. Kiatu cha mtumba kinaweza kuwa imara, lakini mara nyingi kimekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine. Kigeuze utazame kama soli imelika upande mmoja. Kiatu kinachofaa kina kisigino kigumu kisichobonyea kwa kidole, kina kamba au mkanda wa kukaza, na hujikunja kwenye vidole, si katikati. Nimepita maduka mengi ya sare za shule nikiwa na kipimo hicho kichwani. Viatu vyeusi vinavyouzwa kwa wazazi wa kipato cha kawaida ni vichache sana vinavyofaulu.

Soli za ndani za kuinua upinde zilitupeleka mbali zaidi. Tulisafiri kwa basi hadi Moshi, mji ambao tangu mwaka 1981 una chuo cha TATCOT katika hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Fundi mmoja mjini humo alipima miguu ya mtoto na kututengenezea soli. Niliporudi nikawasilisha stakabadhi kwenye mfuko wa bima ninaokatwa mchango kila mwezi. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: kifaa hicho hakihusiani na tiba, na mtoto "anatembea mwenyewe bila msaada". Ukilisoma jibu hilo kwa utulivu unauona mzaha uliomo ndani yake. Shule inasema mtoto hatembei kwa sababu ni mvivu; bima inasema anatembea vizuri mno kustahili msaada. Kati ya sentensi hizo mbili ndiko anakoishi.

Sitaki kuwauzia wasomaji matumaini ya bei rahisi. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu soli hizi. Zinaweza kupunguza uchovu na kuuweka mguu vizuri wakati zimevaliwa, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba huujenga upinde wa kudumu. Si kila unyayo bapa unahitaji tiba, na upasuaji ni wa wachache sana. Maswali ya maana ni haya: Je, mtoto anaumwa? Anachoka mapema? Anaanguka mara kwa mara? Viatu vyake vinalika upande wa ndani? Kwa binti yetu majibu matatu kati ya manne yalikuwa ndiyo. Leo jibu moja limebaki, lile la uchovu, nalo limepungua bila kwisha.

"Nchi ina mambo makubwa zaidi"

Rafiki yangu mmoja, mtumishi katika ofisi ya mipango, alinisikiliza kwa adabu kisha akasema kwamba nchi ina malaria, ina vifo vya kina mama wakati wa kujifungua, ina madarasa yasiyo na madawati. Kupanga ni kuchagua, alinikumbusha. Nyayo zisubiri.

Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu, si hasira. Jibu langu la kwanza ni la gharama. Mwaka 2001 Dale Ulrich na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti juu ya watoto wachanga wenye sindromu ya Down. Wazazi waliwashika watoto wao juu ya mkanda mdogo unaotembea, dakika nane kwa siku, siku tano kwa wiki, nyumbani kwao. Watoto hao walianza kutembea, kwa wastani, siku 101 mapema kuliko wenzao ambao hawakupata mazoezi hayo. Sisemi tununue mikanda. Ninasema kwamba dakika nane, mzazi mmoja na maelekezo sahihi ni kitu ambacho hata taifa maskini linaweza kukipanga. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kutoa maelekezo hayo akiwa karibu, na mapema.

Jibu la pili ni la sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Mkataba huo, katika kifungu cha 26, unazitaka nchi zianze huduma za utengamao katika hatua ya mapema kabisa, karibu na mahali watu wanapoishi, vijijini vilevile. Hatukulazimishwa kutia saini. Tulijiwekea ahadi, na ahadi ya serikali si shairi la sherehe.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa zaidi, nalo linahusu nani analipa wakati serikali inaposubiri. Analipa mama. Mazoezi ya vizibo na godoro hufanyika saa kumi na mbili jioni, baada ya kazi, na mara nyingi anayeyafanya ni mke, bibi, shangazi au dada mkubwa. Nauli za bodaboda hutoka kwenye fedha ya mboga. Siku za kliniki hukatwa kwenye ujira wa kibarua. Tunaposema "hakuna bajeti" tunamaanisha kwamba bajeti ipo, ila imewekwa juu ya mabega ya wanawake, na haiandikwi popote kwa sababu mabega hayatoi stakabadhi. Mimi nina mshahara na nina kauli ya kuandika barua. Nawafikiria wale wasio na hivyo viwili.

Yanayowezekana

Kwa hiyo naomba mambo machache, na ninayaomba kwa watu mahususi.

Kwa watumishi wa afya na wale wanaobuni fomu zao: ongezeni mstari mmoja. Mtoto aliyegundulika kuwa na sindromu ya Down apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya mwaka wake wa kwanza kwisha, na miguu yake itazamwe akiwa amesimama, pekupeku, kila mwaka. Pale ambapo mtaalamu hayupo, maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chenye picha yanaweza kukaa katika kila zahanati.

Kwa walimu na maafisa elimu: elimu jumuishi haiishii kwenye kumwandikisha mtoto. Mpeni kiti karibu na mlango, mruhusuni apumzike njiani, msimwondoe kwenye michezo bali mmpe mchezo unaoimarisha miguu yake. Na katika ripoti, andikeni mnachokiona: "huchoka baada ya kutembea". Sentensi hiyo inampa mzazi mahali pa kuanzia. "Mvivu" haimpi kitu.

Kwa wanaosimamia bima: kigezo cha "anatembea mwenyewe" kifutwe. Swali liwe ni umbali gani, kwa maumivu gani, na atatembea hivyo kwa miaka mingapi.

Kwa wanaharakati: tarehe 21 Machi kila mwaka tunavaa soksi za rangi mbilimbili kuadhimisha siku ya sindromu ya Down. Ni jambo jema. Mwakani, baada ya kupiga picha za soksi, nendeni katika halmashauri yenu mkaulize ina wataalamu wangapi wa fiziotherapia na fedha kiasi gani za vifaa saidizi. Ombeni jibu kwa maandishi.

Na kwenu wanafunzi wangu, mnaonijia kila muhula mkisema mada za utafiti zimekwisha: chagueni kata moja. Watafuteni watoto hawa nyumbani kwao, kwa idhini ya wazazi wao. Ulizeni walianza kutembea lini, nani aliwatazama miguu, walivaa viatu gani, waliacha shule kwa sababu gani. Hesabuni. Halmashauri inayotuambia kwamba tatizo ni dogo ituonyeshe namba zake, nasi tuwe na za kwetu.